Sajini na Mifuko Isiyo na Mwenyewe

Kuna watu ambao kuwachukia ni kazi ya kutwa. Inabidi uamke mapema. Jirani yangu Sajini alikuwa mmoja wao. Ukitafuta baya lake la kushika mkononi hulipati. Halewi, hasengenyi, hapigi redio kwa sauti. Watoto wa darasa la kwanza wakimwamkia shikamoo alikuwa anasimama kabisa ndipo anaitikia marahaba, utadhani kapewa zawadi. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta hapa Igoma kwa miaka mingi, namtafutia kasoro kama ninavyotafuta sindano iliyoangukia kwenye vumbi, na mimi ni fundi cherehani, sindano najua kuzitafuta.

Alizaliwa wapi na ukoo wake upi, sijui. Mtu mwenye wivu haulizi maswali kama hayo, asije akasikia jambo zuri zaidi. Ninachojua ni kwamba maisha yake ya kazi yote aliyamalizia kwenye kikosi cha kutegua mabomu, akastaafu na kitambi kidogo na sikio la kushoto lisilosikia, kisha uongozi wa soko anakouzia mke wangu ukamchukua awe mkuu wa walinzi. Maumivu yangu yalianzia hapo sokoni.

Mke wangu, Mama Neema, anauza dagaa na sangara wa kukausha. Mimi nashona sare za shule barazani kwangu, na hiyo baraza ndiyo mpaka wa nchi yangu upande wa mashariki. Upande wa magharibi naishia kwa muuza vocha. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo marehemu mama alishauri tusiyazungumze mbele ya wageni, nikakaa kwenye cherehani, na mpaka leo sijaona sababu ya kuinuka. Mtu akiniambia anakwenda mjini kati namwombea. Kwa hiyo habari za dunia naletewa na mke wangu jioni, na kwa miaka hiyo yote habari za dunia zilikuwa na jina moja.

"Sajini amesema mtungi wa gesi usikae karibu na mlango."

"Sajini amesema mlango wa uani tusiufungie kwa kufuli mchana."

"Sajini amesema mvua zitachelewa."

"Hata mvua?" nikauliza. "Mvua nazo anazitegua?"

"Alikuwa anaangalia ziwa, Baba Neema. Mtu anaangalia, anaona."

Mimi nikipanda kwenye tofali za nyuma ya choo ziwa naliona vizuri tu, mpaka mawe yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeona nini.

Nilichokuwa nakitaka niseme mapema, ili msomaji asidhani nilitaka makubwa. Nilitaka siku moja nimwambie mke wangu jambo, alisikilize mpaka mwisho, lisipelekwe kwanza kwa jirani kuhakikiwa. Basi. Sikuwa nahofia kwamba yule mzee atanichukulia mke. Angekuwa mtu wa namna hiyo ningepumzika, ningekuwa na kesi. Yeye alichukua masikio ya mke wangu tu, na hilo halina baraza la kulipeleka.

Tabia zake mtaa mzima uliziiga. Kanisani haketi mpaka ajue mlango wa pili uko wapi na nani ana ufunguo wake. Kukiwa na kibweta njiani, hakipigi teke kama watu wengine, anakizunguka kwa mbali, kisha anageuka kukitazama tena. Watoto wakawa wanamwigiza: mmoja anaweka kopo katikati ya njia, wengine wanalizunguka kwa kunyata, matumbo mbele. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka barazani nacheka, mpaka siku nilipokwenda kununua vocha nikajikuta nami naizunguka ndoo ya mtu. Nikarudi nyuma, nikapita palepale karibu nayo makusudi. Mwenye ndoo akaniuliza kama naumwa.

Alikuwa na maneno yake ambayo hakuyabadilisha. Ukimwuliza mtu afanye nini akiona kitu asichokielewa, anainua kidole: "Usikiguse. Usikisogeze. Usikipige picha. Ondoka, waondoe na wenzako, halafu ukiwa mbali ndipo upige simu." Mtu akisema lakini nataka kujua ni nini, anajibu, "Na mimi nilitaka kujua. Nikasomeshwa miaka ili nijue. Wewe nenda kajue mambo yako." Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Ukali ningeweza kuulalamikia.

Sasa, watu wa mtaa wetu wana adabu moja. Jambo hupelekwa kwa mwenyewe. Mbuzi aliyepotea anapelekwa kwa mwenyekiti, mtoto mwenye homa anapelekwa kwa nesi wa nyumba ya bati jekundu, ugomvi wa ndoa unapelekwa kwa mzee wa kanisa. Ilipojulikana kwamba jirani yangu ndiye mtu wa mabomu, unadhani mabomu yalipelekwa wapi?

Wa kwanza kumletea alikuwa bibi mmoja anayelima mchicha bondeni. Nilikuwa napiga pasi, nikasikia hodi upande wa pili wa ukuta. Nikachungulia. Bibi amejitwika kitu kichwani, kimefungwa kanga, mkono mmoja umekishika na mwingine una fimbo.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama. Karibu. Umebeba nini?"

"Nimekuletea bomu. Nimelichimba kwenye tuta."

Sijapata kumwona mtu anayekabiliwa na heshima kubwa kiasi hicho akitokwa na jasho namna ile. Alimwambia bibi asimame hapohapo, asiinamishe shingo. Bibi akamjibu kwamba shingo yake imebeba mitungi toka hawa wote hawajazaliwa, asimfundishe kusimama. Sajini akamsogelea polepole, akaongea naye habari za mchicha, na huku ananiashiria mimi kwa mkono wa nyuma niondoke. Nilikuwa nimejaa furaha. Leo kapata kazi, nikajisemea, tuone. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba ukuta ule ulikuwa wa nyumba yangu pia. Nilitoka kwa mlango wa uani, ule usiofungwa kwa kufuli, mbio, na pasi mkononi.

Kile kitu kilikuwa kipande cha shokapu ya lori, kimeliwa na kutu. Sajini hakumcheka yule bibi. Alimkalisha, akampa maji, akamwambia, "Umefanya vizuri kuogopa, mama. Ila ungekiacha kwenye tuta, ukaja mikono mitupu, ukaniita. Hatua zako zote zile umetembea nacho kichwani, umepita shule, umepita zahanati."

"Sasa ningekiacha, si wangekiiba?" bibi akauliza.

Alikuwa na hoja. Mtaa wetu kitu cha chuma hakilali nje.

Baada ya bibi wakafuata wengine: katoni iliyokuwa inagonga kama saa (ilikuwa saa), ndoo yenye mfuniko iliyokutwa bombani, begi lililosahauliwa baa. Vyote vilibebwa kwa mikono miwili, kwa adabu. Mwisho Sajini akamwomba mwenyekiti aitishe mkutano, akasema mbele ya watu, "Ndugu zangu, nawaomba sana, mniite mimi na polisi tuje kwenye kitu. Msiniletee kitu nyumbani." Watu walirudi wamenuna. Walisema anaringa. Mimi sikuwapo mkutanoni, nilikuwa nyumbani, lakini niliposikia kwamba watu wamemnunia nilishona siku ile kwa mwendo mzuri sana.

Kukosa mkutano kuliniponza. Kumbe mlemle mkutanoni alitangaza kwamba atawapigia simu baadhi ya watu, kuwafanyisha mazoezi ya kupokea vitisho. Wenye kuhudhuria walijua. Mimi nikapigiwa saa ya chakula cha mchana, namba ngeni, sauti nzito: "Kuna bomu hapo ulipo."

Nilikata simu. Nikachomoa pasi. Nikaingia chini ya meza ya kukatia vitambaa, nikajifunika na kaptura za shule ya msingi. Nilikaa humo mpaka mteja akaja kuchukua sketi ya binti yake, akaniinamia na kuniuliza kama nimedondosha kitu.

Jioni mke wangu naye akapigiwa, mbele yangu. Hakukata. Aliketi, akauliza kwa sauti ya mtu anayemuuzia mteja samaki: liko wapi hasa? Litalipuka saa ngapi? Linafananaje? Nani kaliweka? Kwa nini mnataka kutuua sisi, tumewakosea nini? Wewe unaitwa nani, baba? Na huku anamfinyia jicho Neema, binti yetu, aandike maneno kama yanavyosemwa. Mtu akinyamaza kule, yeye anamwongelesha tena. "Nasikia kuku nyuma yako," akamwambia. "Na kuna mtu anatwanga. Uko Igoma wewe." Upande wa pili Sajini akashindwa kujizuia, akacheka, na tukamsikia akicheka mara mbili: mara moja kwenye simu, mara moja juu ya ukuta.

"Mama Neema," alisema kesho yake, tena mbele yangu, "wewe ningekuwa nawe kikosini." Na mimi, aliniambia nini? Aliniambia, "Fundi, siku nyingine usikate. Anayepiga akiwa anaongea, tunajifunza. Ukikata, tunabaki na woga mtupu." Kisha akaongeza, "Na chini ya meza si pabaya sana." Sijui nani alimwambia habari za meza. Namshuku mwenye sketi.

Msidhani alikuwa malaika, maana mimi ndiye shahidi wa kasoro zake na sitaki kazi yangu ipotee. Alikuwa havumilii kushindwa drafti. Mtu aliyekaa maisha yake akikata nyaya kwa mkono usiotetemeka, ukimla kete mbili mfululizo anavuruga vizibo vyote na kusema ubao umepinda. Nilikuwa namfunga kila Jumapili. Ni ushindi pekee nilioupata, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa anaangalia.

Na alikuwa anaogopa maputo. Siku ya kipaimara cha Neema tulipamba ukumbi kwa maputo, la kwanza likapasuka, nikageuka kumtafuta, kiti chake kitupu. Alikuwa nje, amesimama juani karibu na magari, amejishika mikono. Ningependa kusema kwamba nilimwonea huruma. Nilifikiri: sasa umeonekana. Lakini mke wangu alishatoka na sahani, amempelekea pilau na vipande vya nyama vilivyonona, akasimama naye kule mpaka akamaliza kula. Mimi, baba wa mtoto, nilipewa shingo ya kuku. Aliporudi nikamwuliza walikuwa wanaongea nini muda wote ule. "Hatukuongea," akasema. Hilo nalo nililichukua nikalifuga ndani kwa mwezi mzima.

Nimefika kwenye siku ya sokoni, ambayo nimekuwa nikiizunguka kama anavyozunguka kibweta.

Wanawake wa soko lile hushika nafasi kwa mizigo. Malori ya bidhaa huingia asubuhi, na anayetaka kuwa wa kwanza kushusha mzigo wake hakai foleni. Anaweka mfuko wake kwenye mstari, au beseni, au ndoo iliyopasuka, kisha anakwenda zake kunywa chai. Hakuna anayeugusa mfuko wa mwenzake. Foleni nzima ni mifuko, na wenyewe wako kwa mama ntilie. Sajini alilipigia kelele jambo hilo toka siku ya kwanza. "Hapa kila kitu hakina mwenyewe," alikuwa anasema. "Kikija kibaya nitakijuaje?" Walimheshimu sana, wakaendelea kuweka mifuko.

Siku hiyo mtu alipiga simu ofisi ya soko, akasema kuna bomu, akakata. Mlinzi mmoja akapita kwenye foleni ya mifuko akaona mmoja unatokeza nyaya. Hakuugusa. Alikwenda kumwambia Sajini.

Mimi nilipata habari kwa mwendesha bodaboda aliyekuja kuchukua shati. Nikampigia mke wangu.

"Uko wapi?"

"Kwenye meza yangu."

"Toka hapo, Mama Neema. Toka sasa hivi."

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema!"

"Dagaa hawa nawaachia nani? Sajini yuko hapo mbele anaongea na watu. Akisema tutoke, tutatoka." Akakata.

Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga, haipatikani. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba Sajini alikuwa amewaambia wote wazime simu mpaka wafike mbali na ule mfuko, maana kuna vitu vinavyoweza kuamshwa na simu, na kwamba aliposema neno moja tu wanawake wote waliacha dagaa, nyanya na masanduku ya hela wakatoka. Yeye aliwaambia mara moja, mimi nilikuwa napiga na kupiga. Lakini wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba haipatikani.

Nilipanda ile bodaboda na futi yangu ya kupimia shingoni. Mguu mmoja nilikuwa na ndala yangu, mwingine kiatu cha mteja.

Sokoni nilikuta kamba. Sajini alikuwa ameazima kamba ya nyavu kwa muuza zana za uvuvi, ameivuta kutoka nguzo ya umeme mpaka geti la mashine ya kusaga, mbali na soko kuliko nilivyotegemea, na amewasukuma watu nyuma ya kamba, halafu nyuma ya ukuta wa mashine, wasikae mbele ya vioo vya maduka. Polisi walikuwa wameanza kufika. Nilipita katikati ya watu, nikainama kuvuka kamba. Mkono ukanishika shati.

"Baba Neema. Rudi."

"Mke wangu yuko ndani."

"Watu nimewatoa."

"Umemwona? Umemwona yeye kwa macho yako?"

Hapa ndipo nilipomchukia kwa dhati. Mtu mwingine yeyote angesema ndiyo, nimemwona. Yeye alinitazama, akasema, "Sijamwona. Nimewaambia wa upande wa samaki watokee mlango wa ziwani, na mlinzi ameniambia upande ule hakuna mtu. Yeye mwenyewe sijamwona."

Nilijitupa. Shati langu likabaki mkononi mwake, nikawa kifua wazi na futi shingoni, naye akanidaka kiunoni, tukaanguka wote wawili. Nilimpiga. Nilimng'ata, nadhani, maana shati lake lilichanika mahali na mimi sikuwa na mkasi. Mzee yule hakunirudishia. Alinikumbatia kwa nyuma kama anayemshika mtoto wa degedege, akaniwekea mdomo sikioni.

"Nisikilize. Ukiingia, mimi nitaingia kukufuata. Nikiingia mimi, wale vijana wa polisi wataingia kunifuata. Unataka tuingie wangapi?"

Nililia. Sitalipamba neno hilo. Nililia kifuani kwa Sajini mbele ya soko zima, naye akamtuma mlinzi azunguke kwa nje, kupitia ufukweni, akamtafute mwanamke mmoja tu kwa jina. Mlinzi alirudi anahema. "Yupo kule kwenye mitumbwi. Anagombana na mama mmoja, eti nani kamkanyagia kapu."

Nikaondoka. Nilivaa shati langu nje-ndani, nikatembea kwa miguu mpaka nilipopata usafiri. Hakuna aliyenijua pale zaidi ya Sajini, maana sijawahi kukanyaga lile soko. Kwao nilikuwa mwendawazimu fulani mwenye futi.

Wataalamu walikuja, wakaufungua ule mfuko kwa namna yao, kwa mbali, na mlio mmoja mkavu ukasikika. Ulikuwa wa fundi redio. Mke wake anauza nyanya, alimtuma amshikie nafasi, naye akaweka begi lake lenye amplifaya na betri ya pikipiki. Alikuwa amesimama nyuma ya kamba muda wote. Aliona polisi, akaona mbwa, akaogopa kusema ule ni wangu. Watu walipojua wakaanza kumzomea, na mlinzi aliyetoa taarifa nao wakamzomea, mtu wa kuogopa redio.

Wanasema Sajini alipanda juu ya kreti ya soda, shati limechanika, akasema, "Mlinzi huyu ndiye mtu wa maana kuliko sote hapa. Mkimcheka leo, siku nyingine ataona kitu atanyamaza. Na wewe fundi, siku nyingine paza sauti mapema. Hakuna atakayekupiga, nitasimama mbele yako." Toka siku hiyo soko lile nafasi zinashikwa kwa mawe yaliyopakwa rangi, kila mmoja na rangi yake. La mke wangu ni la zambarau. Aliyepiga simu hakupatikana.

Mke wangu alirudi jioni, akanikuta kwenye cherehani. Akavua kanga ya begani, akaikunja. "Wenzangu waume zao walikuja mpaka kwenye kamba," akasema. "Wewe hata hukuja kuona kama mimi ni mzima."

Kama ningesema nilikuja, ingebidi niseme na jinsi nilivyokumbatiwa nikilia. Nikasema, "Nilikuwa na sare za watu."

Hakunigombeza. Ndiyo iliyokuwa mbaya. Alipika, tukala, na kuanzia hapo akawa ananiambia mambo kama mtu anavyomwambia mpangaji: maji yanatoka kesho, umeme umepanda. Nilimsubiri Sajini aseme. Nilimwogopa asiseme na nilimwogopa aseme. Hakusema, si kesho yake wala mwaka uliofuata. Tukiwa kwenye drafti alikuwa anavuruga vizibo kama kawaida, hata jicho hanikati. Nikawa naonea wivu mpaka kunyamaza kwake, maana mimi siri ile ilinitafuna na kwake ilikaa kama hela benki.

Kisha akaugua, upande mmoja wa mwili ukalegea, na binti yake akaja kumchukua akakae naye Busisi. Nyumba ya jirani ikapangishwa kwa kijana anayepiga muziki. Nilipaswa kufurahi.

Mwaka huu mke wangu akasema anakwenda kumwona. Nikasema na mimi naenda. Alishangaa, na mimi nilishangaa, lakini sikuwa tayari kumwacha aende peke yake akae naye nje kimya kimya tena. Tulivuka daraja kwa gari. Zamani pale tungesubiri kivuko nusu siku, watu walituambia, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye amewahi kusubiri.

Alikuwa amekaa sebuleni, uso kuelekea mlangoni, mkono mmoja umelala mapajani. Kitambi kimekwisha. Nilimwamkia shikamoo. Alijaribu kusimama ndipo aitikie, nikamwahi, nikamwambia akae, akae tu. "Marahaba," akasema, akiwa nusu amesimama, mkono wangu umemshika kwapani. Alikuwa mwepesi kuliko jora la kitambaa.

Alimwuliza mke wangu habari za soko, za mawe, za walinzi. Maneno yalikuwa yanamtoka polepole, mengine yamepinda. Mke wangu alimwinamia upande wa sikio zima, anacheka, anajibu. Mimi nikawa nakunywa chai, mtu wa ziada. Kisha akanigeukia.

"Fundi. Shati langu bado unanidai... hapana. Mimi ndiye nakudai."

"Shati gani?" mke wangu akauliza.

"Sajini, chai inapoa," nikasema.

"Lile alilonichania. Siku ya mfuko wa redio." Akamtazama mke wangu, akaona uso wake, akanitazama mimi. "Hukumwambia?"

"Aniambie nini?"

"Nikajua ameshakwambia. Mambo ya ndani ya nyumba, mimi siingilii." Akapumua, akalitafuta neno. "Huyu mumeo alitaka kuvuka kamba yangu kukufuata. Nimewazuia watu wengi, mama. Wazazi, askari, mlevi mmoja. Wote ukiwaeleza wanaelewa. Huyu nilimweleza, akaelewa, akataka kwenda hivyohivyo. Tulianguka. Ana meno huyu."

Mke wangu aliweka kikombe chini kwenye mkeka, na kilikuwa na chai.

"Mguuni alikuwa na kiatu cha mtu," Sajini akaongeza, na upande wa uso wake unaofanya kazi ukacheka.

Hata habari yangu mwenyewe alikuwa anaisimulia vizuri kuliko mimi. Nilikaa pale naona wivu na macho yananiwasha, vyote pamoja, sijui nishughulikie kipi.

Tulimuaga jua likiwa bado juu. Ndani ya gari la kurudi mke wangu alikaa dirishani, kapu la mihogo aliyopewa liko mapajani. Tulivuka daraja. Ziwa lilikuwa limetulia pande zote mbili. Tulipofika ng'ambo akalishusha lile kapu sakafuni, akajigeuza akakaa upande, magoti yake yakagusa yangu.

"Anza mwanzo," akasema. "Nilipokata simu. Ukafanya nini?"

Nikaanza. Nilimwambia habari za bodaboda na futi. Nilipofika kwenye kamba nikasita, nikafikiri nipunguze, kisha nikafikiri niongeze, mwisho nikasema kama ilivyokuwa. Hakunikatiza. Hakuuliza nani alikuwepo, hakuuliza nani aliona. Nilipofika mahali nilipolia alinishika kidole kimoja, akakishika tu, akaniambia endelea.

Tulipaswa kushuka Buhongwa tupate gari la Igoma. Konda alipiga kelele Buhongwa, Buhongwa, watu wakashuka na kuku zao, wengine wakapanda. Mimi nilimsikia. Yeye hakumsikia. Alikuja kustuka tumefika Nyegezi stendi, gari tupu, na konda anatuuliza kama sisi tunalala humo.

"Mihogo yangu," mke wangu akasema, akainama kulitafuta kapu. Halafu, akiwa bado ameinama: "Sasa huyo mwenye kiatu, ulimrudishia?"